Vidonge au kubadili maisha? Njia mbili za kuukinga moyo, bega kwa bega

Swali hili huulizwa mlangoni, mtu akiwa ameshainuka kitini na cheti cha dawa ameshakikunja: "Daktari, nikipunguza chumvi nikaanza na kutembea, si presha inaweza kushuka yenyewe?" Na mimi niliuliza hivyo hivyo. Mashine ya presha ilikuwa imeonyesha 152/94. Sikuwa naumwa popote. Kilichoniuma ni wazo la kumeza kidonge kila siku ya maisha yangu, kama marehemu baba.

Nilijaribu bila dawa kwa miezi minne, nikaja kuongeza kidonge, na leo ninazitumia njia zote mbili kwa pamoja. Katikati hapo nimesoma sana, maana mwoga wa dawa husoma kuliko daktari. Hapa naweka ulinganisho ambao ningependa kuukuta siku ile: kila njia inaweza nini, haiwezi nini, na inamfaa nani. Uamuzi ni wako na daktari wako, anayezijua figo zako, sukari yako na umri wako. Na kama sasa hivi kifua kimebana kama kimewekewa jiwe, maumivu yanashuka mkononi au yanapanda kwenye taya, na jasho la baridi linakutoka, acha kusoma uwahi hospitali. Wanawake hasa wajue kwamba shambulio la moyo linaweza kuja kwa kukosa pumzi, kichefuchefu na uchovu usio na sababu, kifua kikiuma kidogo tu.

Adui ni mmoja

Moyo husukuma damu ya mwili mzima, lakini wenyewe hulishwa na mishipa michache myembamba inayoutambaa kwa nje. Humo ndimo mambo yanapoharibikia. Lehemu (kolesteroli) mbaya, ile ambayo kwenye majibu ya maabara huandikwa LDL, hupenya ukuta wa mshipa na kunasa. Mwili hutuma askari wake wa kinga, nao hujaa mafuta na kufia humo humo, na polepole ukuta unavimba kwa ndani. Presha ya juu huuchosha ukuta huo kwa kuupiga bila mapumziko, moshi wa sigara huharibu ngozi laini iliyoufunika kwa ndani, na sukari iliyozidi huongeza uharibifu. Kazi hii huenda kimya miaka 20 au 30. Kisha siku moja uvimbe unapasuka, damu inaganda juu ya mpasuko, na sehemu ya msuli wa moyo iliyotegemea mshipa huo inaanza kufa. Mshipa wa kichwani ukizibwa, hicho ni kiharusi.

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9, karibu theluthi ya vifo vyote duniani. Utafiti uitwao INTERHEART, uliochapishwa mwaka 2004 baada ya kukusanya wagonjwa katika nchi 52, ulikuta mambo tisa yanaeleza takriban asilimia 90 ya hatari ya kupata shambulio la kwanza la moyo: sigara, lehemu, presha, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, na namna mtu anavyokula matunda na mboga, anavyokunywa pombe na anavyoutumia mwili.

Itazame tena orodha hiyo ukiwa na swali letu kichwani. Dawa za kila siku zinazozungumzwa hapa zinagusa lehemu, presha na sukari. Mengine yote kidonge hakiyafikii, au huyafikia kwa kuzunguka. Wapenzi wa "njia ya asili" hufurahi wakisikia hivyo. Wasifurahi mapema, kwa sababu hayo matatu ni mazito kweli kweli.

Kabla ya kuchagua, namba yenyewe ni ya kweli?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi huchagua njia kwa kutumia namba mbovu. Ile 152/94 yangu ilipimwa nikiwa nimetoka kupanda ngazi, kibofu kimejaa, najibu maswali ya muuguzi, mkono nimeulaza pajani. Makosa manne kwa mpigo, na kila moja hupandisha.

Sasa ninapima hivi. Nusu saa kabla sinywi kahawa wala sifanyi mazoezi (mvutaji naye asivute). Nakwenda haja ndogo. Nakaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, na hapo nanyamaza dakika 5. Simu naiacha chumba kingine, maana nikiiona tu namba inapanda. Nakunja mkono wa shati hadi juu, au nauvua kabisa ukibana. Mkanda naufunga kwenye ngozi tupu, juu kidogo ya kiwiko, umeshika bila kunyonga. Mkono naulaza juu ya meza, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Nabonyeza. Mashine inanguruma, mkanda unabana hadi vidole vinasisimka, kisha unaachia kwa mikupuo midogo midogo. Naandika. Nasubiri dakika moja, napima tena, naandika.

Utafiti mmoja wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mkono ukilazwa pajani namba ya juu (ile inayotangulia, kama 152 yangu) inaongezeka kwa takriban 4, na ukining'inia pembeni ni zaidi ya 6. Mkanda mdogo kwa mtu mwenye mkono mnene ni balaa kubwa zaidi: utafiti wa mwaka 2023 ulikuta kwamba mtu anayehitaji mkanda mkubwa kabisa akifungwa ule wa kawaida, namba ya juu hupanda kwa karibu 20. Mtu huyo anaweza kupewa dawa asiyoihitaji, na kosa ni la kitambaa.

Pima hivyo asubuhi na jioni kwa siku 7, tupa za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Nyumbani mpaka ni 135/85. Hospitali ni 140/90. Wataalamu wa Marekani tangu 2017 wameushusha hadi 130/80, kwa hiyo usishangae ukikuta madaktari wawili wanakupa majina mawili tofauti kwa namba ile ile. Wapo watu ambao presha yao hupanda mbele ya mtumishi wa afya tu, na wapo wenye bahati mbaya zaidi, ambao hospitali inasoma vizuri na nyumbani iko juu. Hao wa pili hawajulikani mpaka wapime nyumbani.

Wastani wangu ulikuja 144/90. Ilikuwa chini kuliko ya hospitali, lakini bado juu ya mpaka. Basi, swali lilikuwa halali.

Nani anashusha zaidi?

Kidonge kimoja cha presha kwa dozi ya kawaida hushusha namba ya juu kwa takriban 9, wastani wa watu wengi. Jambo ambalo wengi hawaelezwi ni kwamba kuongeza dozi maradufu hakuongezi nguvu maradufu. Nguvu kubwa ya dawa iko kwenye dozi ya mwanzo, ndiyo maana siku hizi madaktari wengi huanza na dawa mbili tofauti kwa dozi ndogo kuliko moja kwa dozi kubwa. Ukiandikiwa vidonge viwili usidhani hali yako ni mbaya mara mbili.

Upande wa pili nao si mdogo kama watu wanavyofikiri. Mlo uitwao DASH, uliojaa mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, kunde na maziwa yenye mafuta kidogo, ulipojaribiwa Marekani na matokeo kutolewa mwaka 1997, ulishusha namba ya juu kwa takriban 11 kwa wenye presha, wakilinganishwa na waliokula kama kawaida. Hiyo ni nguvu ya kidonge. Kupunguza chumvi kwa kiasi cha kijiko kidogo kwa siku humshushia mwenye presha kama 5. Mazoezi ya kutembea haraka, kuogelea au baiskeli, 5 hadi 8. Uzito hushusha takriban 1 kwa kila kilo inayoondoka, na mnywaji wa kila siku akipunguza pombe sana anaweza kupata 4 au zaidi.

Usijumlishe. Mtu akichukua kalamu akaandika 11 na 5 na 8 na 10, anajikuta amepona kwenye karatasi. Athari hizi huingiliana, na mlo wa majaribio ulipikwa na watafiti, washiriki wakaletewa chakula kilichopimwa. Jikoni kwako hakuna mtafiti. Mimi kwa miezi minne ya kujitahidi kweli nilishuka kutoka 144 hadi 137. Nilijivunia, na nilikuwa na haki, ila sikuwa nimevuka mto.

Kwa nini kupigania namba 5 au 10? Uchambuzi mkubwa wa tafiti za dawa uliotolewa mwaka 2016 ulikuta kila 10 zinazoshuka kwenye namba ya juu hupunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 20, na kiharusi kwa 27. Moyo hauulizi namba imeshuka kwa kidonge au kwa miguu.

Kwenye lehemu, mizani hailingani

Hapa nitasema wazi, hata kama inawaudhi wanaouza majani ya kila namna. Ukibadili mafuta yanayoganda kwa mafuta ya mimea yasiyoganda na ukaongeza vyakula vya nyuzinyuzi, LDL huwa inashuka kwa asilimia 10 hivi, wakati mwingine zaidi kidogo. Dawa za jamii ya statini hushusha asilimia 30 hadi 50, kutegemea aina na dozi. Kila LDL inaposhuka kwa 1 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, matukio makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa takriban moja ya tano. Mtu ambaye ameshapata shambulio la moyo, au ambaye LDL iko juu tangu ujana kwa kurithi, hana ushindani wa kuamua hapo. Mlo ataufuata, lakini statini ni lazima.

Na yale maumivu ya misuli yanayosemwa? Yapo, na kuna wachache ambao misuli yao huumia kweli na lazima dawa ibadilishwe. Lakini jaribio moja la Uingereza lililotolewa mwaka 2020 liliwapa watu waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara chupa za miezi tofauti: mingine yenye statini, mingine vidonge vitupu vinavyofanana, mingine bila kidonge chochote. Asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwa statini waliupata pia kwa vidonge vitupu. Maumivu yao hayakuwa uongo, waliumia kweli. Chanzo chake ndicho hakikuwa dawa iliyomo ndani.

Sigara

Hakuna kidonge cha presha wala statini kinachofidia sigara. Ukiacha, ndani ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo inayotokana na uvutaji inapungua kwa karibu nusu. Kama unavuta na unaniuliza uanze na njia gani, anza hapo, mengine tutazungumza baadaye. Dawa za kusaidia kuacha zipo, na kuzitumia si udhaifu.

Kila njia ina gharama zake mwilini

Kati ya dawa za presha, amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Enalapril na ndugu zake huleta kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya kikohozi. Mtu anatibiwa mafua miezi kumbe ni kidonge. Losartani haina sana kikohozi hicho. Hizo mbili za mwisho hazifai kabisa kwa mjamzito, kwa hiyo mwanamke anayetarajia kushika mimba aseme mapema. Dawa za kupunguza maji mwilini hukupeleka chooni na zinaweza kuvuruga chumvi za damu, ndiyo maana kuna vipimo vya damu vya kufuatilia. Takriban yote haya yana tiba rahisi: rudi, sema, ubadilishiwe. Kosa ni kuacha kimya kimya.

Njia ya kubadili maisha nayo huitwa haina madhara, jambo ambalo si kweli kabisa. Mfano mzuri ni chumvi mbadala, ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa na potasiamu. Jaribio kubwa nchini China, lenye watu karibu 21,000 katika vijiji 600, lilitoa matokeo mwaka 2021: waliotumia chumvi hiyo walipata viharusi pungufu kwa asilimia 14. Ni badiliko dogo lenye faida kubwa, mpishi hata hahitaji kujifunza kitu kipya. Lakini mwenye figo mbovu, au anayetumia losartani au enalapril, asiiguse bila kumuuliza daktari, kwani potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Vivyo hivyo, mtu aliyekaa kitini miaka 20 asiamke siku moja akakimbia mbio ndefu. Aanze kwa kutembea.

Aspirini naitaja kwa sababu kila familia ina mtu anayeimeza "kulinda moyo". Kwa aliyekwisha kupata shambulio au kuwekewa stenti (kibomba kidogo cha kuuweka mshipa wazi), ina kazi yake. Kwa mzima, hasa aliyevuka miaka 60, tafiti tatu kubwa za mwaka 2018 zilionyesha faida ni ndogo na hatari ya kuvuja damu tumboni au kichwani inaifuta. Usijianzishie. Na kama daktari alikuanzishia, usijiachishe.

Ipi utaiweza miaka kumi?

Kidonge humezwa sekunde tano. Mlo unaamuliwa mara tatu kwa siku, mbele ya watu, ukiwa na njaa. Kwa kipimo hicho kidonge kinashinda. Lakini kidonge kina udhaifu wake: presha haiumi, kwa hiyo mtu akijisikia vizuri anaona hakuna sababu, anaruka leo, anaruka kesho, mwisho kopo linakaa kabatini. Mimi nilikiweka kando ya mswaki, na ndiko kiliko hadi leo.

Upande wa mazoezi, kinachodumu ni kile kilichofungwa ndani ya siku yenyewe. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Kondakta hakuhitaji klabu ya mazoezi. Mwongozo wa sasa unataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kidogo. Anayesema hana muda atafute ngazi zake.

Basi nani achague nini?

Presha yako nyumbani iko kati ya 135 na 150 hivi, huna kisukari, figo ni nzima, huvuti, hujawahi kupata tatizo la moyo: una haki ya kujaribu bila dawa kwanza, kwa miezi mitatu hadi sita. Lakini iwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na daktari aijue. Jaribio lisilo na tarehe ni kukwepa tu, na nalijua hilo kwa sababu miezi yangu minne ilikuwa mitatu nilipoahidi.

Kama namba ni 160 na kuendelea, au una kisukari, figo zimeguswa, au umeshapata kiharusi au shambulio, usiweke njia hizi kwenye mizani. Anza dawa sasa, na mlo na mwendo viende pamoja nayo. Miezi ya kusubiri hapo ni miezi ambayo ukuta wa mshipa unaendelea kupigwa.

Walio katikati ni wengi, na kwao kinachoamua ni hatari yote kwa pamoja, si namba moja. Mtu wa miaka 35 na mwingine wa miaka 62 wakisoma 145 wote wawili, hawako mahali pamoja. Muulize daktari akukadirie hatari yako ya miaka kumi kwa kutumia umri, presha, lehemu, sigara na sukari. Hesabu hiyo huchukua dakika chache na hubadili mazungumzo yote.

Swali la mwisho ni lile lililonikimbiza mwanzoni: ukishaanza, ndiyo basi? Si lazima. Mwaka wa pili, nikiwa nimepungua kilo 8, nilimwomba daktari tuache. Alikubali kupunguza dozi nusu, akakataa kuondoa kabisa, akaniambia nipime kila siku kwa mwezi mzima kwa sababu presha hurudi bila kupiga hodi. Wiki tatu za kwanza wastani ulikaa 126. Wiki ya tano ulikuwa 131, na hapo ndipo ulipotulia. Nusu kidonge ndiyo iliyobaki, na kilo 8 zile bado sijazirudisha.